Glavu za kike za winta: jinsi ya kuchagua zinazokukaa mkononi

Wadada mnaoishi kwenye baridi, London, Oslo, Toronto, Minneapolis huko, koti tunanunua zuri, buti nzuri, halafu mkononi tunavaa zile glavu za sufu za saizi moja kwa wote, vidole vinapwaya kama za kuazima. Mtoko wote unaharibika hapo. Glavu uzuri wake ni kukaa, rangi na mapambo vinafuata baadaye, kwa hiyo tuanze na kipimo.

Chukua tepu ya fundi, zungusha kwenye kiganja pale kwenye vifundo vya vidole, dole gumba liache nje, pima mkono unaoandikia maana mara nyingi ndio mkubwa kidogo. Soma inchi. Ukipata 7 basi saizi yako ni 7, wanawake wengi wanaangukia kati ya 6.5 na 7.5, na usidharau hiyo nusu, kwenye ngozi inaonekana kabisa. Mpango huu wa namba ulianzia Grenoble, Ufaransa, fundi Xavier Jouvin ndiye aliyeupanga miaka ya 1830, na mpaka leo kuna watengenezaji wanaofuata inchi ya zamani ya Kifaransa ambayo ni kama sentimita 2.7 badala ya 2.54, kwa hiyo ukinunua mtandaoni usikimbilie namba tu, fungua jedwali lao uangalie sentimita. Wanaouza za ngozi kwa S, M na L unabahatisha, bora ukajaribu dukani.

Na kujaribu kuna namna yake. Vua pete kwanza, zile zenye mawe zinachana bitana. Ingiza vidole vinne, dole gumba liache kwanza, halafu kwa mkono mwingine sukuma ngozi taratibu kati ya kidole na kidole mpaka mshono ufike chini kabisa kwenye maungio, ndio uingize dole gumba, usivute kwa nguvu kutokea kwenye kifundo cha mkono. Sasa kunja ngumi. Ikibana kidogo sawa, ngozi nzuri itapanuka kwa kuvaliwa, ila urefu wa vidole hauongezeki sana, kama ncha inakugonga sasa hivi itakugonga mpaka mwisho. Angalia pia pembeni mwa vidole, glavu iliyoshonwa vizuri ina vipande vyembamba vya ngozi kati ya upande wa juu na wa chini, ndivyo vinavyofanya kidole kiwe na umbo badala ya kuwa bapa.

Wenye kucha ndefu au za kubandika mnisikilize, saizi ya kiganja haitoshi, tafuteni vidole virefu au pandeni nusu saizi. Na zile za kutachi simu huwa zina uzi wenye shaba au fedha kwenye ncha, au ngozi yenyewe imewekwa dawa ya kupitisha umeme, na inafanya kazi pale nyama ya kidole inapogusana nayo, sasa ukucha ukitangulia mbele ncha inabaki tupu na simu haisikii. Toa simu yako hapo hapo dukani ujaribu kuandika meseji kabla ya kulipa. Hina nayo ikishabanduliwa subiri rangi itulie, na losheni iache ikauke, bitana nyeupe inashika doa na haliondoki.

Ngozi ninayoipenda mimi ni ya kondoo wa Ethiopia, wale wenye nywele fupi badala ya sufu, ni nyembamba lakini ngumu kuchanika na watengeneza glavu wa Ulaya wanaithamini sana. Ngozi ya kulungu, ile wanayoandika deerskin, ni nene zaidi na laini, inafaa kwa matumizi ya kila siku. Kipindi majani yanapukutika, kabla baridi haijawa kali, vaa isiyo na bitana au ya suedi, ile ngozi yenye uso kama mahameli, inakaa kama imechorwa mkononi. Baridi ikikolea chukua yenye bitana ya kashmia, ile sufu laini ya mbuzi, au sufu ya kawaida, hariri ni nyepesi na inateleza vizuri ila joto lake ni la wastani. Kwa wale wa Minneapolis na Toronto, ikifika chini ya sifuri kabisa glavu ya vidole haitoshi, vaa ile ya vidole vyote pamoja, ya ngozi yenye manyoya kwa ndani, vidole vinapeana joto, na siku hizi zipo nzuri sana wala huonekani umevaa za watoto.

Urefu uendane na mkono wa koti. Koti lenye mkono mrefu linataka glavu fupi inayoingia ndani, koti la mkono wa robo tatu au kepu, lile vazi la mabegani lisilo na mikono, ndio linataka ndefu. Ukiona wameandika "vifungo 4" au "vifungo 8" usitafute vifungo, ni kipimo cha urefu kuanzia chini ya dole gumba, na 16 ndio zile za gauni la jioni zinazopita kiwiko.

Rangi, jamani, tuache kuogopa. Nyeusi ipo na inafaa, lakini ngozi zetu zinapendeza mno na maruni, haradali, kijani kibichi cha kukolea, kahawia ya asali. Koti jeusi na glavu za maruni tayari umevaa, wala si lazima zifanane na pochi.

Matunzo ni machache. Zikilowa zinyooshe kwa mkono zirudi umbo, zilaze mbali na hita maana joto linakausha ngozi na kuipasua. Chumvi ya barabarani ikiacha alama nyeupe futa na kitambaa chenye unyevu, zikikauka paka krimu ya ngozi kidogo, suedi usiipake, ipige brashi. Za sufu fua kwa maji ya baridi, zikamue ndani ya taulo, usizining'inize. Winta ikiisha zisafishe kwanza ndio uziweke, nondo wanapenda sufu yenye jasho, na za ngozi ziviringishe kwenye kitambaa cha pamba, usizifunge kwenye mfuko wa plastiki zitaota ukungu.