Somo: Namna ya kusoma utafiti wa uangalizi kabla ya kuamini kwamba dawa au kipimo kinaokoa maisha

Nimeandika somo hili kwa sababu swali moja linarudi kila mara: "Utafiti umeonyesha kwamba wanaotumia dawa fulani huishi muda mrefu zaidi, je, nasi tuitumie?" Kuanzia sasa nitawaelekeza hapa wanaouliza. Nazungumzia tafiti ambazo mtafiti hakumpangia mtu yeyote matibabu, bali aliangalia tu nani alitumia nini na yapi yaliyompata.

Hatua ya 1. Tambua aina ya utafiti: ama watu wasiougua walifuatiliwa kwa miaka mingi, kama inavyofanyika Framingham, Marekani, tangu 1948, ama wagonjwa na wasio wagonjwa waliulizwa kuhusu maisha yao ya nyuma, kama walivyofanya watafiti wa Uingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill katika ripoti yao ya 1950 kuhusu sigara na saratani ya mapafu.

Hatua ya 2. Soma ni nani waliohesabiwa na ni nani walioachwa nje.

Hatua ya 3. Tafuta siku ambayo hesabu ya muda ilianza kwa kila kundi. Hapa ndipo wasomaji wengi, na hata watafiti, hukwama, kwa hiyo naomba msome polepole. Chukulia wagonjwa wote wa moyo walioruhusiwa kutoka hospitalini, kisha mtafiti akamwita "mtumiaji" kila aliyepata dawa fulani ndani ya mwaka mmoja. Mgonjwa aliyefariki mwezi wa pili, kabla hajaandikiwa dawa, anaangukia upande wa wasiotumia. Aliyeandikiwa mwezi wa kumi anahesabiwa kuwa mtumiaji tangu siku ya kwanza, ingawa ile miezi ya mwanzo aliiishi bila dawa. Na kama angefariki katika miezi hiyo, asingeingia kamwe katika kundi la watumiaji. Kwa hesabu ya namna hiyo, hata kidonge kisicho na dawa yoyote ndani yake kitaonekana kurefusha maisha. Upandikizaji wa moyo ulipokuwa bado mchanga, ripoti za awali ziliwalinganisha waliopata moyo mpya na waliokufa wakiusubiri, na mwaka 1972 mtaalamu wa takwimu Mitchell Gail alionyesha kwamba muda wa kusubiri ulikuwa umeongezwa kwenye maisha ya waliopandikizwa.

Tahadhari: maneno "tulizingatia umri na jinsia" hayaponyi kosa hili. Tahadhari ya pili: ukikuta "waliowahi kutumia" au "waliokamilisha matibabu", simama na uulize kama makundi yaligawanywa kwa taarifa zilizokuwepo siku ya kwanza, au kwa mambo yaliyojulikana baadaye. Mtafiti makini huuhesabu muda wa kabla ya dawa kuwa muda wa kutotumia.

Hatua ya 4. Kwa upimaji wa watu wasio na dalili, usiulize waliogunduliwa waliishi miaka mingapi. Uliza ni wangapi walikufa katika jamii nzima iliyopimwa. Mtu ambaye angegunduliwa kwa dalili akiwa na miaka 67 na kufa akiwa na 70, akigunduliwa kwa kipimo akiwa na miaka 62, ataonekana ameishi miaka minane badala ya mitatu, ilhali siku yake ya kufa haikusogea. Huko Korea Kusini, baada ya upimaji wa saratani ya thairoidi (tezi iliyo shingoni) kuenea, kiwango cha ugunduzi mwaka 2011 kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993, na vifo havikubadilika. Watu wengi walifanyiwa upasuaji kwa ajili ya uvimbe ambao usingewadhuru maishani mwao, na jambo hilo linaniumiza kila ninapolieleza.

Hatua ya 5. Uliza kwa nini hawa walipewa na wale hawakupewa. Tafiti za uangalizi ziliashiria kwamba homoni za baada ya kukoma hedhi huukinga moyo, lakini wengi wa waliozitumia walikuwa na afya na kipato bora tangu awali. Mwaka 2002 jaribio kubwa la Marekani, lililowagawa wanawake kwa nasibu (yaani kama kwa kura), lilisimamisha mchanganyiko wa homoni za estrojeni na projestini kwa kuwa madhara yalizidi manufaa.

Hatua ya 6. Dai idadi halisi. Katika jaribio hilo, "ongezeko la asilimia 29" la ugonjwa wa moyo lilikuwa wanawake 37 badala ya 30 katika kila 10,000 kwa mwaka (asilimia 29 ni makadirio ya kitakwimu, hivyo hailingani kabisa na mgawanyo wa namba hizi).

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Sijasoma yote. Kwa kifupi, dawa za kolesteroli zinafaa au hazifai?

Jibu: Soma hatua ya 3 na ya 5. Kuhusu dawa yako, muone daktari wako, na usiiache kwa sababu ya somo hili.

Swali: Kwa hiyo unatuambia tafiti hizi zote ni bure, tusubiri majaribio ya nasibu tu?

Jibu: Sijaandika hivyo popote. Hakuna anayeweza kuwagawa watu kwa nasibu na kuwaamuru nusu yao wavute sigara kwa miaka 30. Tulichojua kuhusu sigara tulikijua kwa uangalizi, ukiwemo ule wa madaktari wa Uingereza ulioanza 1951. Nimeeleza namna ya kuutofautisha uangalizi makini na ule wa ovyo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kuingiza taarifa za wagonjwa, na mara nyingi tarehe ya kuanza dawa haikuandikwa. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, na asante kwa swali zuri. Kwanza, msiijaze kwa tarehe ya kulazwa, kwa kuwa hapo mtaunda kosa lile lile la hatua ya 3. Iacheni wazi, mtaje ni wangapi hawana tarehe, na mwangalie kama vifo vyao vinatofautiana na vya wengine. Mnaweza pia kuchagua siku moja, tuseme ya 90 tangu ufuatiliaji uanze, mkawagawa waliokuwa hai siku hiyo kwa yale yaliyokwisha kutokea (ameshaanza dawa au bado), na kuanza kuhesabu hapo. Matokeo yatawahusu waliofika siku hiyo tu, na lazima mlitamke hilo. Kwa wagonjwa wapya, tengeni nafasi nne: tarehe ya kugunduliwa, ya kuandikiwa dawa, ya kuanza kuitumia, na ya mwisho kuonekana akiwa hai.

Mwanachama mwingine: Naongezea. Mimi hutazama kama dawa "inazuia" hata jambo isiloweza kulizuia.

Jibu: Umenena vyema, ndugu yangu. Kwa wazee waliochanjwa dhidi ya mafua, utafiti mmoja wa 2006 ulikuta vifo vichache kuliko vya wasiochanjwa hata kabla msimu wa mafua haujaanza, wakati chanjo haikuwa na mafua ya kuzuia. Haina maana kwamba chanjo haifanyi kazi. Maana yake ni kwamba waliochanjwa walikuwa na afya bora tangu mwanzo, na ukubwa wa manufaa ulikuwa umetiwa chumvi. Ukisoma utafiti wa aina hiyo, tafuta jedwali la vifo kwa miezi. Lisipokuwepo, mwandikie mtafiti umwombe.