Mgongo wa msimu wa korosho
Wa Newala na Tandahimba mnaookota korosho kutwa mmeinama, kabla hujameza kidonge sikiliza kwanza mgongo unaumaje. Ukiwa umekaza tu na unauma ukiubonyeza, mara nyingi hiyo ni misuli. Ukande kwa kitambaa cha maji moto dakika 15 hivi alafu tembeatembea, ukilala siku nzima ndo unazidi kukakamaa. Ila kama unawaka au kama shoti ya umeme inashuka mpaka mguuni, hapo mara nyingi ni neva (mishipa ya fahamu), panadol haifui dafu, nenda kapimwe. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, mwenye vidonda vya tumbo aachane nayo kabisa jamani. Ukiona mkojo umegoma au ganzi sehemu za siri, hospitali siku hiyohiyo, usisubiri mnada wa korosho uishe.