Kuchezesha mchoro wa mtoto kwa Animated Drawings

Programu hii ya Meta humfanya mhusika aliyechorwa atembee au aruke. Matokeo hutegemea zaidi karatasi yenyewe. Chora kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, mikono ikiwa mbali na kiwiliwili na miguu imeachana. Vikigusana, programu huviona kitu kimoja, na mkono ukiinuka huvuta tumbo. Piga picha penye mwanga wa kutosha, simu ikiwa mbali kidogo ili kivuli chake kisiangukie mchoro.

Ukishapakia, rekebisha fremu imzunguke mhusika mzima. Kagua kwa makini eneo lililokolezwa, yaani sehemu ambayo programu imeitambua kuwa mhusika: kidole kilichobaki nje kitakatika, kiongeze kwa kalamu, doa lifute. Kisha sogeza nukta za viungo, kama goti na kiwiko, zikae mahali pake. Nukta ya goti ikikaa pajani, mguu utapindia hapo. Chagua mwendo.