Kuomba wauguzi wa nyongeza hospitali ya wilaya: anza na hesabu, si barua

Barua inayosema tu "tuna uhaba mkubwa wa wauguzi" haina uzito Dodoma, maana kila halmashauri imeandika hivyo hivyo. Mwongozo huu ni kwa Muuguzi Mfawidhi na Katibu wa Afya, hasa wa hospitali iliyopandishwa hadhi kutoka kituo cha afya huku ikibaki na watumishi wa kituo kile kile.

Kwanza pitia ratiba ya zamu. Muuguzi anayeandikisha wagonjwa mapokezi au kutunza stoo mrudishe wodini. Ni zoezi la lawama, lakini swali hilo utaulizwa tu, na ni heri likukute umeshalimaliza.

Kisha pima mzigo wa kazi kwa WISN, njia ya Shirika la Afya Duniani ya kukokotoa idadi ya watumishi wanaohitajika kulingana na kazi iliyopo. Tuseme muuguzi mmoja, ukiondoa likizo, sikukuu, mafunzo na ugonjwa, anabaki na siku 220 za kazi, yaani saa 1,760 kwa mwaka. Wodi ya wazazi ikizalisha akina mama 2,400 na kila mmoja akihitaji saa 4 za muuguzi, hizo ni saa 9,600: wauguzi 5.5. Kama asilimia 20 ya muda huishia kwenye rejista, vikao na kukabidhiana zamu, gawanya kwa 0.8, unapata karibu 7. Ukiwa nao 4, uwiano wako (waliopo ukigawanya kwa wanaohitajika) ni takriban 0.6, chini ya 1 ni upungufu. Takwimu zitoke kwenye rejista na MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), zisitofautiane.

Angalizo: kwenye wodi ndogo hesabu inaweza kukupa wauguzi 2 tu, wakati zamu ya asubuhi, jioni na usiku zote zinataka mtu. Hilo lieleze kwa maandishi pembeni ya jedwali.

Pitisha maombi kwenye timu ya uendeshaji ya hospitali, halafu kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Afisa Utumishi ndiye anayeyaingiza kwenye ikama (mpango wa idadi ya watumishi) na bajeti ya mishahara ya halmashauri. Taja kada na daraja, kwa mfano Afisa Muuguzi Daraja la II. Ukiandika "wauguzi 3" peke yake, mshahara haukokotoleki. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, ila ikama huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo Septemba uwe umeanza. Anayekumbuka Aprili, Bunge la bajeti likiwa limeshakaa, anasubiri mwaka mwingine.

Wakati unasubiri kibali cha ajira, halmashauri inaweza kuajiri kwa mkataba kupitia mapato ya ndani, kama yanatosha kulipa kila mwezi.

Waliostaafu, waliofariki na walioacha kazi waombee kibali cha ajira mbadala, kando na nafasi mpya, kwa kuwa mishahara yao ilikuwa tayari kwenye bajeti. Ambatisha orodha ya majina, namba ya cheki (namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara) na tarehe ya kila mmoja kuondoka, na mapema kabisa mwonyeshe Afisa Utumishi wale watakaofikisha miaka 60 mwakani.