Kadi ya mwaka ya kiwanja cha michezo Mwanza: hesabu ya kupiga kabla hujalipa

Anayekuuzia kadi ya mwaka getini atakupigia hesabu moja tu: gawa bei ya kadi kwa kiingilio cha siku, jibu ndilo idadi ya safari za kurudisha fedha yako. Hesabu hiyo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba inaanzia getini na kuishia getini, wakati fedha ya mzazi inaanza kutoka familia inapopanda daladala Nyegezi, na haiachi kutoka mpaka watoto wanarudi wamesinzia mapajani.

Mwongozo huu unahusu viwanja vya michezo ya watoto vyenye bembea, treni, magari ya kugongana na bwawa la kuogelea, viwe mjini au kandokando ya ziwa. Bei tulizoweka ni za mfano. Weka za kiwanja unachokitaka wewe, njia ni ileile.

Hesabu safari mlizokwisha kwenda

Usijiulize mtakuja mara ngapi mwaka huu, maana kila mzazi hujibu swali hilo kwa matumaini. Fungua simu, pitia picha na meseji za malipo za miezi 12 iliyopita, uhesabu ni mara ngapi mliwatoa watoto kwenda sehemu ya kulipia. Meseji ya malipo ina tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa, haina cha kubishana. Kama ni mara 8, andika 8. Kadi inaweza kuisogeza namba hiyo, lakini familia inayoizidisha mara mbili na kudumu nayo mwaka mzima ni ya kutafuta.

Kisha andika ni nani hasa walikwenda. Kifurushi cha familia huandikwa "wazazi wawili na watoto watatu", lakini kwenye picha utamwona mama na watoto wawili. Baba yuko dukani, na yule wa kidato cha pili ameaga ana mechi. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia.

Tuseme mtoto analipa shilingi 8,000, mkubwa 5,000, na kadi ya watu watano ni 380,000. Kwa hesabu ya getini, watano hulipa 34,000 kwa siku, hivyo kadi imejilipa safari ya 12. Kwa hesabu ya picha, mama na watoto wawili hulipa 21,000, na kadi inajilipa safari ya 19. Kama mdogo wao bado hajafikia umri au kimo cha kulipiwa (angalia ule mstari uliochorwa kwenye nguzo ya geti), wanaingia kwa 13,000 tu, na safari zinazohitajika zinapanda hadi 30. Kadi ni ileile, geti ni lilelile, ila kutoka 12 tumefika 30.

Sasa ongeza kilicho nje ya geti

Chukua safari hiyo ya watu watatu. Nauli ya daladala na bajaji ya kumalizia, kwenda na kurudi, tuseme 10,000. Chipsi, soda, maji na ile aiskrimu isiyokwepeka, 25,000. Hapo ni 35,000 ambazo kadi haizigusi hata kidogo. Na viwanja vingi haviruhusu chakula cha kutoka nyumbani, au huruhusu kwa kulipia, kwa hiyo usijidanganye na kontena la pilau mpaka umeuliza.

Bila kadi, safari 8 za mwaka jana ziligharimu 56,000 kila moja, jumla 448,000. Ukikata kadi na kwenda mara 19 ili "ijilipe", unatumia 380,000 za kadi na 665,000 za nauli na chakula, jumla 1,045,000. Safari hizohizo 19 ukizilipia getini kila mara ni 1,064,000. Yaani kadi imekuokolea 19,000, bei ya kuku nusu, baada ya kukutoa mfukoni 597,000 zaidi ya ulizotumia mwaka uliopita.

Hatusemi ni fedha iliyopotea, maana watoto wamecheza mara 11 zaidi. Lakini ita kitu kwa jina lake: umenunua matembezi zaidi, hukubana matumizi. Kadi inabana matumizi kwa familia ya aina moja tu, ile ambayo tayari ilikuwa inakwenda mara nyingi kuliko namba ya kujilipa. Mara nyingi ni wale wanaokaa jirani na kiwanja, wanaofika kwa miguu, watoto wakishakula nyumbani. Kwao nauli ni sifuri na soda ni moja. Anayekaa Pasiansi au Kirumba na kiwanja kiko njia ya uwanja wa ndege ana hesabu tofauti kabisa na anayetoka Buhongwa au Kisesa. Wa Sengerema wamepunguziwa adha tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko haili tena nusu ya siku. Lakini mafuta au nauli ya basi bado iko palepale.

Wikiendi 52 hazifiki 52

Chukua kalenda ya ukutani na kalamu. Futa wikiendi za masika, Machi hadi Mei: kiwanja cha wazi kikilowa, utelezi na bembea havipandiki, na radi ikianza bwawa hufungwa. Vuli, kuanzia Oktoba, futa baadhi. Futa wiki za mitihani. Futa Desemba mnapokwenda Ukerewe au Bukoba kwa wazee. Wanaofunga wafute Ramadhani. Jumapili ikatwe nusu kama mnasali ibada ya pili. Kisha futa chache zisizo na tarehe, za harusi, misiba na vikao vya ukoo. Ukibakiwa na wikiendi 20, una bahati. Na kadi yetu ya mfano inadai 19 kati ya hizo.

Zilizobaki zisome pamoja na siku zilizozuiwa. Kadi nyingi hazipokelewi Idi, Pasaka, Krismasi, Boksing Dei na Mwaka Mpya, siku zilezile watoto wanazozililia. Si hila ya Mwanza pekee: Disneyland ya California, ambako kadi za mwaka huitwa Magic Key tangu 2021, humtaka mwenye kadi aweke nafasi mapema, na kadi za bei ya chini ndizo zenye siku nyingi zilizofungwa. Kadi ikiwa rahisi sana, tafuta kalenda yake ya siku zilizozuiwa kabla ya kuifurahia.

Kama unakata kwa ajili ya bwawa

Hii ndiyo sababu yenye uzito kuliko zote huku kwetu. Ziwa ni la bure na liko mlangoni, lakini mtoto anayecheza kwenye maji ya pembezoni anaweza kupata kichocho: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Bwawa linalotunzwa vizuri linaondoa hofu hiyo. Lisilotunzwa linaleta za kwake, macho mekundu, masikio na matumbo.

Kagua mara mbili kabla ya kulipa, Ijumaa asubuhi na Jumapili jioni. Asubuhi bwawa lolote linapendeza. Jumapili saa kumi na moja, baada ya watoto wengi kuingia, simama upande wa kina kirefu: sakafu na tundu la kutolea maji vionekane wazi. Maji yakiwa na ukungu, chujio limezidiwa au pampu imezimwa kubana umeme. Yakiwa na rangi ya kijani na kuta zinateleza, mwani umeanza na dawa haitoshi. Harufu kali ya dawa usidhani ni dalili ya usafi. Hutokea klorini ikishachanganyika na jasho na mkojo, kwa hiyo inaashiria maji yaliyochoka. Mwombe msimamizi daftari la vipimo: klorini huru inatakiwa iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Asiyekuwa na daftari hapimi. Uliza pia mwokoaji ni nani na anakaa wapi. Jibu "wote tunaangalia" maana yake hayupo.

Ya kuuliza, na majibu yawe kwenye karatasi

Kadi inafungua geti tu, au na michezo? Kuna sehemu kiingilio ni kidogo na kila mchezo una tokeni yake. Hapo kadi imekulipia mlango, bado hujalipia kilicho ndani. Ina majina na picha? Kama ina jina la mama, dada wa kazi hatawapeleka watoto. Kiwanja kikifungwa wiki sita kwa ukarabati, muda unaongezwa? Umeme ukikatika, kuna jenereta la kuendesha michezo au la taa za mgahawa tu? Kadi ikipotea, mpya ni shilingi ngapi? Mwaka unahesabiwa tangu kulipa, tangu kuingia mara ya kwanza, au unaisha 31 Desemba kwa wote? Hilo la mwisho limewaumiza wengi waliokata Septemba.

Lipa kwa lipa namba, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Likiwa jina la mtu binafsi badala ya la kampuni, simama kwanza. Dai risiti ya EFD, uipige picha siku hiyohiyo, maana wino wake hufifia na kadi ni ya mwaka.

Wakati wa kukata

Januari usiguse. Ada, sare na madaftari vinakuja pamoja, na masika iko karibu. Miezi mitano ya kwanza kadi italala kwenye droo. Wakati mzuri ni katikati ya likizo ya Juni, kiangazi kimeingia. Kadi inayohesabiwa tangu siku ya kulipa, ukiikata 20 Juni inakula mwisho wa likizo hii na mwanzo wa likizo ya Juni ijayo. Kuikopea kikoba hatushauri kabisa: riba inasogeza mbele safari ya kujilipa, na kadi yenyewe ilikuwa inaokoa 19,000.

Kabla ya yote, uliza kama kuna kadi ya mara 10. Mara nyingi inauzwa kwa bei ya mara 8, haina siku nyingi zilizozuiwa, na kwa familia ya safari 8 hadi 14 ndiyo inayofaa. Fedha inayobaki inatosha kubadilisha mandhari: boti ya kwenda Saanane, hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 2.18 tu, watoto waone swala na pimbi wakiwa juu ya mawe (chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio cha hifadhi), au makumbusho ya Wasukuma ya Bujora kule Kisesa, siku ambayo bembea zimewachosha.

Ukishaamua kukata, usikate asubuhi mnapoingia. Lipa tiketi za kawaida, ingieni, na mtunze vipande. Jioni kabla ya kutoka, uliza kama bei ya tiketi za leo inaweza kupunguzwa kwenye bei ya kadi. Baadhi ya viwanja hukubali, ila siku hiyohiyo tu, na kabla hamjavuka geti.