Ditekta ya dhahabu: uchukue ya zamani au mpya? Soma kabla hujatoa hela

Mchimbaji akishapata hela ya maana swali la kwanza ni hilo, nichukue ditekta ya Minelab GPX 4500 ya mtumba au nijikamue mpaka nipate GPX 6000 mpya, na ushauri atakaopewa machimboni ni wa kishabiki tu kama Simba na Yanga. Mi naona mwaka wa mashine uje mwisho kabisa. Kwanza ujue dhahabu yako imekaaje, alafu udongo wako ukoje, alafu ndo tuongee mashine.

Tuanze na hili maana linaokoa hela nyingi. Kama kazi yako ni duara, yaani shimo la kuchimbia, unafuata mwamba chini, mawe yanaenda karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ndo dhahabu inatoka ya unga, basi ditekta yoyote haitakusaidia sana, iwe ya zamani iwe ya juzi. Dhahabu ya hivyo imetawanyika ndani ya jiwe vipunje vidogo mno, jiwe linaweza kulipa vizuri tu na mashine ikalipita kimya. Ditekta inataka dhahabu iliyojikusanya, kipande, hata kama ni robo gramu. Ndo maana kule Chunya, kwenye machimbo ya Lupa ambako dhahabu ya juu juu na ya mitoni inatafutwa tangu miaka ya 1920, mtu na ditekta yake anaeleweka, lakini sehemu nyingine unamuona mtu kanunua mashine ya mamilioni eneo lake lote ni dhahabu ya unga, anazunguka na kuokota misumari.

Haya, mashine zenyewe ziko koo mbili. Kuna VLF, hizi zinatuma mawimbi mfululizo, zinasikia vitu vidogo sana na zinaweza kukuambia hiki ni chuma hiki siyo. Na kuna PI, hizi zinapiga umeme kwa vipigo vifupi vifupi, zinanyamaza, zinasikiliza kilichorudi. Kwenye udongo mwekundu wenye chuma kingi VLF inachanganyikiwa, inalia kila hatua, inalilia mpaka mawe, PI inatulia na inaenda chini zaidi. Ila PI kutofautisha chuma na dhahabu ni dhaifu, ukiwa nayo we chimba kila mlio, kofia za soda, vipande vya waya, vyote, ndo kazi yenyewe hiyo. Kwahiyo kama ardhi yako ni ya kichanga, nyepesi, haina shida, usikimbilie PI kwasababu tu jina ni kubwa.

Kwa upande wa VLF ya zamani inayoheshimika ni Fisher Gold Bug 2, ya miaka ya 90, inafanya kazi kwa kilohezi 71, na mpaka leo vipunje vya juu juu inavisikia vizuri tu. Shida yake kila kitu unafanya kwa mkono, kubalansi ardhi, yaani kuizoesha mashine udongo ulipo isiulilie, unazungusha mwenyewe, udongo ukibadilika kidogo unarudia tena. Gold Monster 1000 ya Minelab, iliyotoka 2017, hayo inafanya yenyewe, unawasha unatembea, na kuna kaalama kanakuonyesha kama kitu kina dalili za chuma. Kama hujawahi kushika ditekta chukua Monster, hapo sioni cha kubishana, bei yenyewe ni sehemu ndogo tu ya bei ya 6000.

Kwenye PI ndo kuna maneno. Minelab, hawa Waaustralia, walianza na SD2000 mwaka 1995, wakaja na GP, alafu GPX 4500, na GPX 5000 ikatoka 2010. SD zile za mwanzo siku hizi achana nazo hata ukipewa kwa bei ya kutupa, zilikuja na betri za madini ya risasi, nzito kama za alamu, spea ni kuhangaika. Lakini 4500 na 5000 bado ni mashine kabisa. Uzuri wake mkubwa ni koili, ile sahani ya chini unayoipitisha juu ya udongo: unaweza kufunga ndogo ya kutafutia vipunje kwenye makorongo, kesho ukafunga kubwa ya inchi 18 au zaidi ukafuata kipande kikubwa kilichozama, na kuna makampuni kama Coiltek na Nugget Finder yametengeneza koili za mashine hizi miaka na miaka, kwahiyo hata mtumba unazipata. 6000 inakataa koili hizo za zamani, inataka za kwake. Tofauti ya 4500 na 5000 siyo kubwa kama wauzaji wanavyosema, ila 5000 ina settingi ya Fine Gold ambayo 4500 haina, na kwenye ardhi chafu yenye dhahabu ndogo inasaidia kweli.

Sasa mpya inashinda wapi? Kwenye dhahabu ndogo, na kwenye mwili wako. GPX 6000 iliyotoka 2021 ina uzito wa kilo 2.1 na betri iko humohumo kwenye mashine. 5000 ni kilo 2.4 bila kuhesabu betri unayobeba mgongoni na waya na mikanda, ukishinda nayo juani mpaka saa kumi jioni bega linajua. Alafu 6000 inajirekebisha yenyewe, wakati 5000 mtu anaweza kuibeba mwaka mzima kwenye settingi mbovu asijue. Na kuna hili la muhimu zaidi: kama eneo lako limeshapitiwa na watu wa 4500 miaka yote, vikubwa walishabeba, vilivyobaki ni vile mashine yao haikuvisikia, kwahiyo kupita tena na 4500 hapohapo ni kutembea tu. Hapo ndo 6000 inajilipa. Lakini kama ni eneo jipya na watu wanaokota vipande vya gramu kadhaa, 5000 ya mtumba iliyo nzima inatosha, hela inayobaki nunua koili ya pili na chakula cha vijana.

GPZ 7000 ya 2015 inaenda chini sana ila ina kilo 3 na zaidi, na bei yake mhh. SDC 2300 inazama maji mpaka mita 3, nzuri kwa mitoni, koili yake inchi 8 tu na hubadilishi, kwa kitu kikubwa kilicho chini sana usiitegemee.

Tatizo kubwa la kununua ya zamani siyo uzee wake, ni feki. 4500 na 5000 zimeigwa vibaya sana na Afrika zimejaa, boksi zuri, stika nzuri, ukiwasha inalia vizuri tu kwenye sarafu pale dukani. Ukiona 5000 "mpya" kwa theluthi ya bei ondoka. Chukua namba ya mashine, wasiliana na wakala rasmi uiulizie kabla hela haijatoka. Na hivi vifaa vyenye antena mbili zinazogeuka, wanasema vinaona dhahabu mita mia mbali, huo ni utapeli mtupu. Mwaka 2013 mahakama Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza ADE 651, antena ya namna hiyohiyo, Iraq walikuwa wanatafutia nayo mabomu. Serikali nzima ilipigwa, we utaponaje.

Ukienda kukagua ya mtumba nenda na kipande chako cha dhahabu halisi, kidogo, kibandike na gundi kwenye plastiki. Usikubali kupima kwenye hewa mezani, hapo kila mashine ni nzuri. Toka nje kwenye udongo mwekundu, mbali na nyaya za umeme, simu zima. Balansi ardhi, sikiliza ule mlio wa chini unaoimba muda wote, unatakiwa utulie. Gonga koili kidogo kwa kiganja, chezesha waya pale unapoingilia kwenye koili, ikipiga kelele waya umekatika ndani. Badilisha settingi zote moja moja, kama hausikii tofauti yoyote mashine ni feki au imekufa. Alafu iache inawaka saa nzima au mbili, hapo ndo betri iliyochoka inajulikana, na muuzaji akianza kusema ana haraka ushapata jibu.

Wale wa mali za Mjerumani, zile zinazosemekana Wajerumani walizifukia, nyie PI itawaua na misumari, tafuteni VLF, na mjue vitu vya kale vina sheria yake tangu 1964, siyo kufukua boma la watu usiku. Kwa dhahabu, eneo lazima liwe na leseni ya uchimbaji mdogo, yako au ya mtu mliyeandikiana, na mzigo unapelekwa soko la madini. Na hiyo mtumba uliyoipenda, andikishianeni, namba ya mashine iandikwe kwenye risiti pamoja na koili na chaja, maana bila chaja yake hiyo betri ya 5000 utaitafuta mpaka uchoke.