Kabla ya kutoa stadi za silinda hedi zilizong'ang'ania kwenye bloki ya alumini

Stadi ni fimbo ya chuma yenye nyuzi (mikato ya kuzunguka kama ya skrubu) inayofunga silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, kwenye bloki. Ikikaa miaka mingi kwenye bloki ya alumini haishikwi na kutu pekee. Metali hizo mbili zikigusana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe unaobaki huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, ukajikaza katikati ya nyuzi. Magari yanayojazwa maji ya bomba miaka nenda rudi badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ndiyo yanayosumbua zaidi, na yale ya Pwani yanayopewa maji ya kisima cha chumvi ndiyo balaa kabisa. Ukiuona unga huo umeganda shingoni mwa stadi, pale inapoingia kwenye bloki, weka spana ndefu pembeni kwanza, maana itaikata.

Amua mapema kama kweli lazima itoke. Stadi iliyonyooka, yenye nyuzi nzima, kwenye bloki ambayo haiendi kusawazishwa uso kwenye mashine, iache ilipo. Kuzitoa zote kwa mazoea ni kujitafutia kazi, na bloki nyingi nzuri zimeharibiwa kwa namna hiyo hiyo.

Zinazolazimika kutoka zianze kulowekwa siku mbili tatu kabla. Safisha shingo, kisha dondoshea oili ya kupenyeza. Mafundi wengi huchanganya haidroliki ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo unapenya vizuri. Vika nati ya zamani juu ili kulinda nyuzi, gonga kichwa cha stadi kwa nyundo ndogo, ongeza oili, rudia jioni na asubuhi. Asetoni inashika moto haraka mno, kwa hiyo siku ya kutumia moto futa kila kitu, acha pakauke, na petroli isiwe karibu.

Moto wenyewe ndio msaada mkubwa kuliko yote. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo pasha bloki kuizunguka stadi, usiipashe stadi. Ila alumini safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, ile ya bloki hata chini ya hapo, na haiwi nyekundu ikakuonya kama chuma. Zungusha tochi ya gesi bila kutulia mahali pamoja. Tone la maji likichemka na kukauka papo hapo, inatosha. Sili za mpira na plastiki zilizo karibu ziwe zimeshatolewa.

Kuhusu kushika: nati mbili zilizokazwa zikabanana, kisha unageuza ya chini, hufaa pale nyuzi za juu zikiwa nzima. Kitoa stadi chenye roli kinashika vizuri zaidi. Spana ya bomba iguse tu stadi unayoitupa. Anza kwa kukaza kidogo sana, halafu legeza. Ikilia, rudisha, ongeza oili isiyo na asetoni, jaribu tena. Hapa mkono wako ndio kipimo: stadi inayotoka huachia kwa mshtuko mdogo mkavu, lakini inayotaka kukatika huwa laini, inavutika kama mpira. Ukihisi ulaini huo, simama hapo hapo, rudi kwenye joto.

Jiandae pia kwa ile itakayokatika. Ikibaki kipande juu ya uso, chomelea nati juu yake. Betri iwe imetolewa, na waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea ushikwe kwenye bloki karibu na hapo. Ikikatikia ndani, mkerezaji akutengenezee bushi (kipande cha bomba) ya kuongoza drili, kwa sababu biti ikiteleza hukimbilia alumini, iliyo laini. Kitoa boliti chembamba chenye ncha ya mchongoko mimi sikipendi kabisa: kikivunjika mle ndani, drili ya kawaida haikili. Koili za kuvisha nyuzi mpya (springi za waya zinazoingizwa kwenye shimo lililoharibika) ziwepo kabla hujaanza, na pima hatua ya nyuzi, yaani umbali kati ya uzi na uzi, kwa geji, maana M10 (ya unene wa milimita 10) yenye hatua ya milimita 1.25 na yenye 1.5 haziingiliani.

Ziba silinda na njia za maji kwa matambara safi. Mwisho, chukua stadi ya zamani, ichongee mfereji kwa msumeno wa chuma, uitumie kusafishia nyuzi za shimo, kisha puliza kwa upepo wa kompresa ukiwa umevaa miwani. Shimo lisilotoboka chini likibaki na oili au maji, stadi mpya ikiingia itayasukuma yakose pa kwenda, na bloki inaweza kupasuka.